Sedani ya Wakorea na Fomu ya Redio

Benchi letu liko nje ya duka la mikate pale Elizabeth, kaskazini mwa Adelaide, karibu na geti la kiwanda cha magari tulichofanyia kazi sote mpaka kilipofungwa. Kila Alhamisi asubuhi tunakutana hapo, tunakunywa maziwa ya kahawa ya boksi, tunakula pai za nyama na kuviendesha viwanda vya magari vya dunia nzima bila mshahara. Tunaviendesha vizuri kuliko wenyewe. Shida ni kwamba hawatupigii simu.

Alhamisi hii Mfupi alikuja mbio, simu mkononi. Mfupi ana urefu wa mita mbili na kidogo. Hapa kwetu ndivyo majina yanavyogawiwa. Buluu ana nywele nyekundu mpaka kwenye nyusi. Redio unaweza kukaa naye saa nzima asikutolee neno.

"Wameamka!" Mfupi akapiga kelele kabla hajakaa. "Seorim wameamka! Sedani kubwa, silinda sita, turbo mbili, tairi za nyuma ndizo zinazosukuma!"

"Seorim hawa Wakorea wa gari za kupelekea watoto shule?" Buluu akauliza, pai mdomoni.

"Hao hao!"

"Kausha, Mfupi. Usinipe presha na umri huu."

Sista akampokonya simu. Jina lake ni Raelene, aliendesha foklifti ya kunyanyulia mizigo kiwandani miaka ishirini na miwili, na ulimi wake haujawahi kuchukua likizo hata siku moja.

"Wewe unasoma kichwa cha habari tu," akasema. "Hapa wanasema wanafikiria kuiunda. Wanataka kwanza kujua Waaustralia wangapi watasaini fomu ya kuitaka. Mwisho leo jioni." Kidole chake kikashuka kwenye kioo cha simu, kikasimama. "Na majina yakiwa machache, mpango unakufa, na ile karakana yao ya springi na shokapu hapa mjini inafungwa."

Tukageuka wote kumtazama Redio.

Jina lake halisi ni Darko, na karakana hiyo ndiyo inayomlisha. Wako wanne. Kazi yao ni kuendesha magari ya Seorim kwenye barabara zetu mbovu na kuyarekebisha mpaka yaache kurukaruka. Ana miaka hamsini na sita. Kwa umri huo hapa Elizabeth, kazi ya magari ikiisha unapewa fulana ya manjano na kusambaza vifurushi milangoni kwa watu, huku mbwa wao wakikufukuza.

"Ni kweli, Redio?" nikamuuliza.

"Kweli."

Neno moja zima. Nikajua mambo yamemfika shingoni.

Buluu akalipiga benchi ngumi, boksi langu la kahawa likaanguka. "Haiwezekani! Haiwezekani, jamani! Sedani kubwa ya tairi za nyuma ni haki ya raia wa nchi hii! Mtoto anazaliwa, anasajiliwa, anafundishwa kuzungusha matairi mpaka yatoe moshi. Ndiyo malezi!"

"Angalia polisi," Mfupi akadakia. "Siku hizi wanafukuza wezi kwa hizi gari za juu, hizi SUV. Jambazi akichungulia kwenye kioo anaona gari la mama mkwe linamfuata. Ataogopa nini?"

"Ataogopa kuulizwa mbona hajaja kusalimia," nikasema.

"Mnacheka," Buluu akasema, "na nchi inakwisha."

Sista akajifuta sosi kidoleni, taratibu, na hiyo taratibu yake sisi tunaiogopa. "Niulize swali la kijinga. Kampuni ya kawaida, inayouza gari la kawaida kwa mtu wa kawaida, iunde sedani ya kukimbia kama imeiba kwa ajili ya nani? Mwenye pesa hiyo anakwenda zake kwa Mjerumani."

"Mjerumani anakuuzia beji!" Buluu akafoka.

"Naam. Na beji ndiyo anayoiona jirani. Nani hapa yuko tayari kumwambia shemeji yake, kwenye nyama choma ya Jumapili, kwamba amelipa dola elfu themanini kwa gari la Seorim?"

"Mimi!" akasema Buluu.

"Mimi na shati nitavaa la Seorim!" akasema Mfupi.

"Na mimi," nikasema. Benchi lilikuwa limepamba moto, ningebakije nyuma?

"Sista, huelewi wewe," Mfupi akaendelea, amesimama sasa, ametufunika jua wote. "Gari la tairi za mbele linakuburuta kama mbuzi anapelekwa mnadani. La nyuma linakusukuma! Ukikata kona unalisikia kiunoni."

"Kiuno kipi? Hicho ulichofanyiwa upasuaji?"

"Usiniingilie! Safari ya Broken Hill ni zaidi ya saa tano. Pale unataka gari refu, la chini, limetulia barabarani. Siyo haya makabati yenye magurudumu."

"Makabati!" Buluu akacheka mpaka akakohoa. "Aliyebuni gari za juu alikuwa seremala, nakuapia!"

"Wawaundie watu gari la kiume!"

"Kesho! Tena wamechelewa!"

Redio akakohoa. Tukadhani ni pai. Kumbe alikuwa anafungua zipu ya koti, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne na kalamu, akavitandaza katikati ya benchi juu ya makombo.

"Fomu," akasema. "Kila mfanyakazi kapewa moja. Ina nafasi kumi. Unaandika jina na namba ya simu. Likiundwa, unapigiwa wewe kwanza uje ununue." Akalainisha mikunjo ya karatasi kwa kiganja. "Nilikuwa naona haya kuwaomba."

Sijamsikia akisema maneno mengi hivyo tangu siku ya harusi yake, na pale alikuwa anasoma.

Benchi likapoa. Ghafla kila mtu akawa na kazi kubwa ya kutafuna. Buluu akaichunguza pai yake kana kwamba kuna mtu amepoteza pete humo ndani.

"Anza, Buluu," Sista akasema. "Wewe mwenye haki za raia."

"Mimi? Ningesaini hata kwa damu! Ila mimi, Sista, toleo la kwanza la gari lolote siligusi. Acha wakae nalo mwaka mmoja, warekebishe kasoro."

"Mtu wa kurekebisha kasoro amekaa kushoto kwako."

"Si ndiyo maana? Nataka apate nafasi afanye kazi yake bila kusumbuliwa. Namheshimu sana Redio."

"Mfupi?"

"Magoti, dada yangu. Sedani iko chini. Kuingia nitaingia. Kutoka, waite zimamoto."

"Sasa hivi tu ulitaka gari refu na la chini."

"Nililitaka kwa ajili ya taifa."

Macho ya Sista yakanihamia. Nilikuwa nimejiandaa. "Mimi nina tela langu la kulala la likizo, na ni zito. Sedani haiwezi kulivuta, vinginevyo ningekuwa wa kwanza."

"Tani ngapi?" Redio akauliza.

"Mbili."

"Hii inavuta mbili na nusu."

Huyu naye, miaka yote kanyamaza, leo ndiyo anapata sauti! "Tatizo basi ni mke wangu," nikasema.

"Mke wako huyu huyu?" Sista akasema. "Aliyekuomba sedani mwaka jana, ukamwambia gari za juu ndizo zinazouzika?"

Nikainamia pai yangu. Ilikuwa imeisha, lakini niliinamia hivyo hivyo. Niliona aibu, sitaficha.

"Mnanikumbusha wiki ya mwisho ya kiwanda," Sista akasema. "Tulishika mabango pale getini, tunalia mbele ya kamera, 'Nunueni gari za kwetu!' Zamu ikaisha, tukaenda kwenye maegesho, kila mtu akaingia kwenye gari lake la Kijapani."

"Wewe je, lako lilikuwa la nani?" Buluu akamchokoza.

"La Mjapani. Dogo, halinywi mafuta. Lakini mimi sikushika bango." Akaivuta fomu, akaandika jina lake lote na namba ya simu kwa herufi kubwa. "Haya. Sedani siipendi, na dola elfu themanini nazisikia kwenye taarifa ya habari. Lakini Redio ni rafiki yangu. Wakinipigia nitawaambia nimekufa."

Redio akamshika mkono. Mimi kalamu sikuigusa.

Buluu akatazama saa. Mfupi akakumbuka daktari wa meno. Wakaondoka kila mmoja na lake: Buluu akapanda kwenye gari la juu la kijivu, Mfupi kwenye la juu jeupe, lenye ngazi ya kukanyagia. Mfupi akashusha kioo, akapiga honi na kuinua ngumi.

"Redio! Msikubali! Pambaneni mpaka mwisho!"

Sisi watatu tukabaki tunatazama moshi wao.

"Nafasi tisa zimebaki," Sista akasema, akiisukuma fomu kwa Redio. "Basi andika na lako, yawe mawili. Au wafanyakazi hamruhusiwi?"

"Tunaruhusiwa. Tuna hata punguzo."

"Sasa?"

"Mimi?" Redio akashangaa, kwa dhati kabisa. "Nani ananunua gari kama lile jipya, Sista? Nasubiri watu walinunue. Baada ya miaka mitatu bei inashuka nusu, nachukua la mtumba."

Sista akaichukua kalamu. Kisha akaivuta fomu, akalikata jina lake mwenyewe kwa mistari miwili, akamrudishia kalamu.