Mpira Unaoishi

Mtelezo aligundua kwamba wenye pesa husikiliza mipira siku aliyokaa kando ya bwawa la kiwanja cha gofu, akimsubiri shemeji yake atoke majini. Hakuwa na kazi siku hiyo. Hakuwa na kazi siku nyingi tu, ila yeye aliita hali hiyo kutafiti soko.

Shemeji huyo, kaka wa mkewe, watu walimwita Bata, kwa sababu riziki yake ilikuwa chini ya maji. Wachezaji walipiga mipira ikazama, Bata akaingia na neti, akaitoa kwenye tope, akaiosha kwa sabuni ya unga na kuwauzia wenyewe kwa bei ya kiberiti. Siku hiyo alikuja mteja wake wa kudumu, daktari wa meno, kofia nyeupe, soksi zimevutwa hadi magotini. Akachagua mpira kwenye beseni, akaudondosha kwenye saruji, akatega sikio. Akaudondosha tena. Kisha akaubonyeza kwa kidole gumba kama anayenunua parachichi.

"Huu umekufa," akasema kwa huzuni. Akachukua mwingine, pacha wa ule wa kwanza, nao akaudondosha. "Huu unaishi."

Akaununua ulio hai, akaenda zake. Mtelezo akamgeukia shemeji yake.

"Huwa anafanya hivi kila siku?"

"Wanafanya wote. Kuna mmoja anaunusa kabisa."

"Na wanasikia nini?"

"Wanasikia saruji, shemeji."

Basi hapo Mtelezo akanyamaza, na Mtelezo akinyamaza ujue kuna mtu atalia. Aliona jambo ambalo wewe na mimi tungelipita tu: hawa watu hawakuwa na njia yoyote ya kujua mpira mzuri ni upi. Walipiga vibaya wakalaumu mpira, wakapiga vizuri wakajisifu wenyewe. Watu wazima, wenye vyeti ukutani.

Lakini ujanja nao unataka mtaji. Zilihitajika boksi nyeusi, shati la kola na viatu visivyocheka mbele. Nyumbani kulikuwa na kitu kimoja tu cha thamani, nacho hakikuwa chake: cherehani ya mkewe, ile ya umeme, iliyokuwa ikilisha nyumba nzima pamoja na yeye mwenyewe. Mke alikuwa na sare za shule arobaini za kushona. Tena alishamwambia zamani, bila kupandisha sauti: "Siku utakayogusa cherehani yangu, usijisumbue kurudi."

Mtelezo alimpenda mkewe, hilo tusimnyime. Akamwambia anaipeleka kwa fundi ikapakwe mafuta, akaipeleka kwa mwenye duka la vitu vilivyotumika, akaiuza. Wakakubaliana kwamba isiuzwe kwa mwingine mpaka Jumamosi saa kumi jioni. Baada ya hapo, atakayetangulia ndiye mwenyewe.

Jumatano alikuwa kiwanjani, amenyooka, ananukia. Mipira ya Bata ilikuwa imelala kwenye boksi nyeusi, mitatu mitatu, juu ya kitambaa cha bitana.

"Daktari," akasema, "mimi siuzi. Nafanya majaribio tu kwa niaba ya kiwanda. Nipigie huu wa kawaida, kisha nipigie huu wetu, uniambie ukweli wako. Usinionee haya."

Mipira yote miwili ilitoka kwenye beseni moja la Bata. Daktari akapiga wa kwanza, ukaenda ulikokwenda. Kabla ya kupiga wa pili alijinyoosha, akavuta pumzi, akakunja uso kama anayeng'oa gego. Ukaanguka hatua kumi nyuma ya mwenzake.

"Umeona?" akasema daktari. "Umeona ulivyotulia?"

"Nimeona," akasema Mtelezo, kwa macho makavu.

"Ule mwingine una papara. Huu una adabu. Bei gani?"

"Bei, Daktari, tusiitaje hapa jua likiwaka. Kwanza lete kiganja."

Akatoa utepe wa kupimia wa mkewe, akampima kiganja kutoka kifundo hadi ncha ya kidole, akaandika kwenye daftari, akatikisa kichwa kwa heshima. "Wewe ni namba tatu. Ukipiga namba mbili unajiumiza bure."

Hapa inabidi nikueleze, maana wenyewe hawakuwahi kuuliza. Mipira ya gofu huandikwa namba, moja, mbili, tatu, nne, ili wawili wanaocheza pamoja wasigombanie mpira mmoja. Basi, hakuna kingine. Ila daktari alikuwa amecheza miaka kumi na minane akihisi kwamba namba ile ina siri, na leo amekuja mtu wa kumthibitishia. Akanunua boksi sita.

Mkandarasi wa barabara aliponong'onezwa habari hizo alikuja mbio, tumbo mbele. Hakutaka kupiga majaribio.

"Nipe za bei kubwa kuliko za daktari."

"Lakini mkono wako, mkubwa, sijaupima."

"Mkono wangu mkubwa kuliko wake. Ongeza bei."

Akaongezewa, ili roho yake itulie. Na uzuri wa biashara ile ulikuwa huu: zamani wakifika bwawani walitoa mipira yao mikuukuu, kwa woga wa kupoteza mipya. Sasa kwa kujiamini walipiga ile ya boksi nyeusi, ikazama yote. Asubuhi Bata akaitoa, akaiosha, na mchana Mtelezo akamuuzia daktari mpira uleule kwa mara ya tatu. Daktari akaudondosha, akasikiliza. "Hizi mpya mmeziboresha," akasema.

Kufikia Ijumaa pesa ya cherehani ilikuwa imetimia na kuzidi mara nne. Angeondoka siku ileile leo tusingekuwa na habari yake. Lakini daktari akamwekea fimbo mkononi.

"Muuza nguo hatembei uchi, bwana. Piga na wewe tukuone."

Mtelezo hakuwahi kushika fimbo ya gofu maishani. Akachukua mpira ulio karibu, namba tatu, wenye kitone chekundu alichokitia mchezaji fulani kama alama, akafumba macho, akapiga kama anayeua nyoka. Pakalia mlio mmoja mdogo, safi. Mpira ukapaa, ukanyooka, ukapita bwawa, ukapita miti, ukaketi katikati ya majani mafupi. Mikononi mwake Mtelezo alihisi raha ambayo hajawahi kuihisi hata siku ya harusi yake.

Akaenda kuuokota, akautia mfukoni. Jioni akapiga mipira mingine thelathini, yote ikaenda vichakani. Akautoa ule wa kitone, akaudondosha kwenye saruji. Akatega sikio.

Mganga hajigangi, walisema wahenga, na hawakumsahau mtu.

Jumamosi asubuhi alimfuata Bata bwawani, akamwonyesha kwa siri, mkono nusu mfukoni.

"Shemeji, hii ya kitone ulitoa wapi?"

Bata akautazama mpira, kisha akamtazama yeye kwa muda mrefu.

"Ah. Hiyo. Hiyo ilikuwa ya mgeni mmoja bingwa, alipita hapa mara moja tu. Ninayo mia mbili nyumbani. Sikukuletea kwa sababu ile si ya kuuzia wajinga."

"Nani mwingine anajua?"

"Mkandarasi amesikia. Anakuja saa sita."

Mtelezo alijua bei ya mipira ya Bata, alijua sabuni inayoiosha, alijua mpaka beseni. Lakini alikuwa ameusikia ule mlio. Akahesabu kwa kichwa: akiwa na mia mbili kama ule, cherehani gani? Atamnunulia mkewe kiwanda. Saa tano na nusu Bata alileta gunia, kila mpira na kitone chake chekundu, akapokea pesa yote iliyochumwa tangu Jumatano, akaaga kwa adabu.

Mtelezo akapiga mpira wa kwanza, bwawani. Wa pili, kichakani. Alipofika wa hamsini jua lilikuwa limeshageuka, na mikono imetoka malengelenge. Akakwangua kitone kwa kucha. Kikabanduka. Rangi ya kucha, ile ya bei rahisi.

Saa kumi ilimkuta njiani, gunia begani, akikimbia dukani bila senti. Cherehani haikuwapo. "Imeshachukuliwa," akasema mwenye duka. "Jamaa mmoja, nywele mbichi kwa maji."

Akarudi nyumbani taratibu, akijiandaa kulala nje. Kabla hajafika mlangoni akasikia cherehani inaunguruma. Mkewe alikuwa ameinama juu ya sare, hakuinua kichwa. Bata alikuwa kwenye kigoda, anakunywa chai.

"Niliiona dukani tangu Jumatano," akasema Bata. "Nikamwambia dada asiseme kitu, nitairudisha kwa pesa yako mwenyewe. Chenji nimempa yeye. Ana akili ya kuitunza."

"Mlipaka rangi nyie wawili," akasema Mtelezo.

"Mimi nilipaka mia na ishirini," akasema mkewe, akikata uzi kwa meno. "Nilikwambia usijisumbue kurudi. Umerudi kufanya nini?"

Mtelezo alikuwa na hotuba nzima ya kuomba msamaha, aliitunga njia nzima, nzuri kweli. Akapiga magoti. Mke akazima cherehani amsikilize. Hapo Mtelezo akamgeukia Bata, akashusha sauti.

"Lakini shemeji, kwa haki ya Mungu. Ule mmoja wa kwanza ulikuwa tofauti, siyo?"

Mkewe akawasha cherehani.