Operesheni Kamata Simimi

Ilitangazwa redioni, kwenye runinga na kwenye kuta za kila ofisi ya umma kwamba, kuanzia siku hiyo, hakuna neno la kihuni litakalopita mitandaoni bila Serikali kulielewa. Idara ya Ufasiri wa Misimu ilikuwa imezaliwa. Wapo waliodhani ni idara ya mvua, wakaenda kuuliza wapande lini. Kama ilivyo desturi ya idara changa, ilipewa magari kwanza, kazi ikafuata baadaye.

Mkurugenzi wake hakuwa mtu wa masihara. Hata usingizini, mkewe alikuwa akisema, alikunja uso kiofisi. Alikuwa na kiu moja tu duniani: kiti cha Katibu Mkuu, kilichokuwa wazi. Waziri alimweleza bila kuzunguka.

"Niletee papa kabla ya Ijumaa, kiti ni chako. Ukiniletea dagaa, nitakutafutia kituo cha kazi ambako hata simu haishiki."

Basi Mkurugenzi akawageukia Wakulima wa Kivulini. Hili lilikuwa kundi la simu la watu wanaokula uyoga. Si ule wa mchuzi, la. Ule wa kumfanya mtu alisalimie pazia, na pazia liitikie. Sheria ilikuwa imeukataza, kwa hiyo wenyewe waliandika kwa mafumbo: uyoga waliuita mwavuli, na kuula wakakuita kusafiri.

Jumatano, Naibu aliingia ofisini bila hodi, jasho likimtoka.

"Mzee, tumempata mkubwa wao."

"Nani?"

"Anaitwa Simimi."

Akaweka simu mezani. Kweli, huyo mtu alikuwa kila mahali. "Simimi jana alifungua miavuli miwili, zulia likaanza kupumua." "Simimi anauliza, ni kawaida kuliomba kabati msamaha?" "Jamani, Simimi alifariki usiku, akarudi kuomba maji."

Mkurugenzi akavua miwani. "Anafariki, kisha anarudi?"

"Tena na tena, mzee. Na usiku huohuo alikuwa katika miji mitano."

"Ana ndege," Mkurugenzi akanong'ona, na moyoni akajiona ameshakalia kile kiti, anazunguka nacho.

Alasiri ile waliletewa mwanachama mmoja, msusi, kitana bado kimechomekwa kichwani.

"Simimi ni nani?" Mkurugenzi akaanza.

"Baba, unauliza kweli au unanitania?"

"Jibu swali. Nani alikula huo uyoga?"

"Si mimi."

Naibu akaruka kitini. "Kamtaja! Mzee, kamtaja mwenyewe!"

Msusi alicheka mpaka kitana kikadondoka. Alipopata pumzi, akawahurumia.

"Jamani, huo ni utani wetu. Ukiandika 'nilikula', umejifunga mwenyewe. Basi tunaandika 'simimi alikula'. Kila mtu ni simimi. Hakuna mtu hapo!"

"Hivyo ndivyo Simimi alivyokufundisha kusema," Mkurugenzi alimjibu kwa upole wa baba, akaagiza apewe chai, apelekwe mahabusu.

Alhamisi, Waziri alisimama mbele ya kamera akasoma amri aliyoitia saini kwa mkono wake: yeyote atakayeulizwa swali akajitambulisha kwa jina la Simimi akamatwe papo hapo, bila kujali cheo.

Nchi nzima ilikaa chini ikacheka. Sokoni, shuleni, hata hospitalini. "Nani kamaliza sukari?" "Simimi!" "Nani kajamba?" "Simimi!" Mamake Waziri, bibi wa watu asiyejua hata kuwasha simu, alivunja glasi mezani, na Waziri alipouliza nani kaivunja, bibi akamjibu bila kupepesa macho.

Ijumaa asubuhi Waziri aliwaita wakuu wote ukumbini. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama. Mlangoni walisimama askari wawili, watu wa kutii amri, si wa kucheka.

"Nataka kujua," Waziri akanguruma, "nani alileta wazo hili la kipumbavu?"

Macho yote yakamwendea Mkurugenzi. Akikiri, kiti kinakwenda. Na kile kituo kisichoshika simu alishakiona kwenye ramani.

"Si mimi, mheshimiwa."

Askari wakatazamana. Pingu zikalia *kwa!*

"Ni Naibu huyu basi?"

"Si mimi!"

*Kwa!* Wakurugenzi wengine, kwa woga tu, wakadakia kabla ya kuulizwa: si mimi, si mimi, si mimi. Askari wakaishiwa pingu, wakaanza kuwafunga kwa tai zao wenyewe.

"Mmerukwa na akili?" Waziri akafoka. "Nani kawaamuru kukamata watu wangu?"

"Amri ina saini, mheshimiwa," askari mmoja akajibu kwa heshima zote. "Nani alitia saini, kama si wewe?"

Waandishi wa habari walikuwa wameshajaa dirishani, kamera juu. Waziri akazitazama. Akakumbuka uchaguzi.

"Saini?" akasema, akinyoosha koti. "Si mimi."

Jioni hiyo Serikali ilitangaza kwamba Operesheni imefanikiwa kwa asilimia mia: mtandao wote wa Simimi umetiwa mbaroni, ukiwa kwenye kikao.

Ndani ya karandinga, Waziri alibanwa kati ya Mkurugenzi na Naibu, goti kwa goti.

"Haya," alinong'ona, "nani atampigia simu wakili?"

Wote walifungua vinywa. Wakamtazama askari. Wakavifunga.