Simu Ipite Upande Wangu

Jumatatu, 4 Machi 1996

Habari kubwa Mbezi. Simu inakuja! Mwenyekiti ametangaza leo baada ya mvua kukatika. Serikali na wafadhili wametenga fedha za kufikisha simu kwa watu wa nje ya mji. Laini itatoka barabara ya Morogoro na kushuka na njia yetu hadi shuleni. Simu moja ya umma itawekwa kwenye nyumba ya mtu. Sasa, njia yetu ina pande mbili. Kushoto nipo mimi, Venance. Kulia yupo Mzee Nassibu. Nguzo zikipita upande wako, simu ni yako.

Mzee Nassibu ana duka. Ana friji. Tangu biashara zifunguliwe ana sabuni ambazo hata majina yake siwezi kuyatamka. Apate na simu? Haiwezekani.

Mke wangu Adelina hakusema mengi. Binti yetu Felicitas ni muuguzi Sumbawanga, ana mimba yake ya kwanza, na tangu aolewe hatujasikia sauti yake. Adelina aliuliza tu kama simu itafika kabla ya mtoto. Nikamwambia itafika, tena itakaa sebuleni kwake. Nimeshaahidi.

Kuna sharti moja. Fedha hazitoki mpaka mtaalamu aje kukagua mazingira. Nimefurahi sana. Mazingira nayajua! Kazini, kabla hawajanipunguza, bwana afya alikuwa anakuja kukagua mazingira, na stoo yangu ilikuwa inaongoza kwa usafi.

Jumatano, 6 Machi

Usafi, usafi, usafi. Nimefyeka majani yote ya mbele. Nimekata na michongoma. Nimepaka chokaa mawe ya njiani, kisha mashina ya minazi, na kwa kuwa chokaa ilibaki, banda la kuku. Jogoo alijisugua kabla haijakauka. Sasa ana ubavu mmoja mweupe. Adelina akauliza kama na huyo jogoo atakaguliwa.

Mzee Nassibu alikuwa barazani anakunywa kahawa. Hajafyeka hata jani. Akanisifu, akasema kwangu kunang'aa. Wivu mtupu.

Nikapita kwa mwenyekiti kumdokeza, kwa nia njema, kwamba mbuzi wa Mzee Nassibu wanachafua njia. Mwenyekiti akasema wale mbuzi ni wake yeye, Mzee Nassibu anamtunzia tu. Sikukaa sana.

Ijumaa, 8 Machi

Mkutano shuleni. Mtaalamu kumbe ni mwanamke, Mama Kokushubila, amevaa mabuti ya mpira na miwani, anaongea taratibu kama mtu anayelipwa kwa siku. Alisema wengi wakisikia mazingira wanafikiria ufagio. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, tena kwa sauti.

Yeye anachotafuta ni miti, maji, ndege na viumbe wanaoishi pale laini inapotaka kupita. Atatazama ni upande upi una vitu hivyo kwa wingi, na baada ya hapo...

Sikungoja baada ya hapo. Nilikuwa nimeshaelewa. Anayetaka simu awe na viumbe! Mzee Nassibu alikaa mbele kabisa, anasikiliza na kutikisa kichwa. Huyo atasikiliza mpaka dua ya kufunga mkutano. Nikatoka nimeinama, kama mtu aliyebanwa na haja, nikatimua mbio nyumbani. Wakati mwenzangu anasikiliza, mimi natenda. Ndiyo tofauti yetu.

Tatizo ni kwamba majani yangu yote nimeyafyeka juzi.

Jumapili, 10 Machi

Sikwenda misa. Viumbe ni vya Mungu, atanielewa.

Chini ya kiwanja changu, kando ya njia, kuna bonde dogo linalotuama maji kila masika. Miaka yote nimelilalamikia. Leo nimelipenda. Nimelipanua kwa jembe, nimepanda matete na migomba pembeni, kisha nikashuka mtoni kuchota vyura kwa ndoo. Chura habebeki kirahisi. Ukimweka mmoja, wawili wanatoka. Wengine wamehamia jikoni na Adelina amewakuta kabla sijamweleza.

Kobe nimeazima kwa rafiki yangu wa Buguruni. Bata wa Adelina nimewahamishia bwawani. Hawakutaka, lakini nimewashawishi kwa fimbo.

Mzee Nassibu akauliza kutoka ng'ambo kama nafuga samaki. Nikamjibu napumzika tu. Nimepumzika hadi mgongo unauma.

Jumanne, 12 Machi

Balaa! Kenge ametokea mtoni, nadhani amefuata vyura wake. Amekula sijui wangapi, na bata mmoja wa Adelina. Adelina akaja na mchi. Nikasimama katikati, nikamweleza kwamba kenge mmoja mbele ya mtaalamu ni sawa na ndoo nzima ya vyura. Asimguse.

 Adelina akauweka mchi chini.

"Mie sitaki viumbe, Venance. Nataka sauti ya mwanangu."

Nikamwambia ni jambo lile lile, ila lina njia yake.  Aliingia ndani na hakutoka tena hadi jioni. Nilijisikia vibaya kweli. Nikaenda kumtazama kenge, nikapata nafuu kidogo.

Alhamisi, 14 Machi

Siku ya ukaguzi. Kwa Mzee Nassibu, Mama Kokushubila alitumia muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Kwangu asubuhi nzima! Alipiga magoti kwenye tope. Aliwahesabu vyura. Alimgeuza kobe, akamtazama, akamrudisha taratibu. Kisha kenge akajitokeza mwenyewe, akapita mbele yetu kwa madaha. Mama wa watu akashika kifua. Akasema hakutegemea kuona mahali kama hapa karibu na barabara kuu.

Akauliza maji haya yametuama tangu lini. Nikamwambia tangu enzi za babu yangu. Babu yangu hakuwahi kutoka Songea, lakini sikuulizwa hilo.

Nikauliza kama kiwanja changu kitatajwa kwenye ripoti. Akasema kitakuwa ukurasa wa kwanza.

Nimeshinda. Mchana nilikwenda Keko kuagiza meza ya simu, yenye nakshi mbele na mahali pa kuwekea mkono. Fundi akauliza simu ni ya rangi gani. Nikamwambia ya heshima.

Jumamosi, 23 Machi

Ripoti imesomwa shuleni. Ukurasa wa kwanza, kama alivyoahidi.

Upande wa kushoto kuna chepechepe lenye uhai mwingi. Lisichimbwe, lisifukiwe, lisisimikwe nguzo. Kwa hiyo laini itapita kulia. Fedha zitatoka. Halafu nikaombwa nisimame nipigiwe makofi kwa kuhifadhi mazingira! Nikasimama. Mzee Nassibu alipiga makofi kuliko wote, na kibaya zaidi alikuwa anamaanisha.

Nilimkimbilia Mama Kokushubila kwenye gari, nikatubu kila kitu. Vyura wa ndoo. Kobe wa Buguruni. Matete ya Jumapili. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Vyura uliwaleta wewe, Mzee Venance," akasema. "Maji uliyakuta. Na kenge amekuja mwenyewe."

Akanieleza kwamba nguzo ingesimikwa pale ingelala masika ya kwanza tu. Tena akashangaa, maana mkutanoni alilifafanua vizuri: wanatafuta sehemu zenye viumbe ili laini izikwepe. Akauliza kama siku ile sikuwepo. Nikamwambia nilikuwepo.

Nyumbani, Adelina alinisikiliza hadi mwisho. Hakugomba. Alijitanda khanga, akavuka njia kwenda kumpongeza Mwanaasha, mke wa Mzee Nassibu, na kumuuliza kama ataruhusiwa kupokea simu ya Sumbawanga. Mwanaasha akamwambia wakati wowote. Usaliti huo! Nimeapa, mguu wangu hautakanyaga kwa Nassibu.

Jumanne, 4 Juni

Simu imefika. Imekaa dukani karibu na mizani. Watu wanakwenda kuitazama hata kama hawana wa kumpigia. Adelina ameshampelekea Felicitas namba, kwa mkono wa mwanajumuiya mmoja wa kanisani anayesafiri kwenda huko.

Mimi sipiti mbele ya lile duka. Napita nyuma, kwenye chepechepe langu, ambamo siruhusiwi kuweka hata jiwe la kukanyagia. Viatu vimeoza. Meza ya Keko Adelina anaanikia dagaa.

Jumapili, 9 Juni

Mwanaasha alikuja mbio akiita kuna simu ya Sumbawanga. Adelina akatoka bila kandambili. Mimi nikabaki. Kiapo ni kiapo. Nilijikaza kadiri mtu anavyoweza kujikaza, kisha nikakumbuka chumvi imekwisha.

Nilipofika mlangoni Adelina alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Felicitas amejifungua salama. Mtoto wa kiume! Mama mzima, mtoto mzima. Jina hakutaja, anataka kumwambia baba mwenyewe.

Mzee Nassibu akaninyooshea mkono wa simu. "Ingia, jirani. Mtoto anakusubiri."

Nikaingia.

"Shikamoo baba."

Jamani, sauti ile! Kama yuko chumba cha pili.  Nilikuwa na mengi ya kumwambia, hata sikujua nianze na lipi, nikaanza na lililokuwa karibu. Nikamweleza kwamba simu hii kwa haki ilikuwa yetu. Nikamweleza mkutano, bwawa, mtaalamu na jinsi nilivyodhulumiwa ukurasa wa kwanza. Akaniita, baba. Nikamwambia ngoja, nakaribia mwisho. Akaniita tena, akasema yuko posta na muda aliolipia unakwisha, akataka kunitajia jina la mtoto. Nikamwambia sawa, ila kwanza asikie ya kenge.

Ikakatika.

Nikauweka ule mkono wa simu mahali pake. Wote walikuwa wananitazama. Adelina alikuwa ameshikana mikono na Mwanaasha.

"Anaitwa nani?" akauliza.

Tangu siku ya ndoa yetu Adelina hajanitazama vile. Ningeweza kusema kweli. Nililifikiria hilo, kwa haki kabisa, kwa muda wa kumeza mate.

"Venance," nikasema. "Wamempa jina langu."

Vigelegele! Adelina alinikumbatia mbele za watu, jambo ambalo si kawaida yake. Mwanaasha akapokea vigelegele, njia nzima ikajaa. Mzee Nassibu akatoa soda kwenye friji kwa kila mtu, akanipa mkono kwa mikono yote miwili, akasema kupata somo ni jambo kubwa. Alasiri wanajumuiya walikuja kuimba. Adelina amenifanyia wali wa nazi na anaimba jikoni. Sijamsikia akiimba mwaka mzima.

Kuna kasoro ndogo tu. Felicitas amemwahidi mama yake kwamba atapiga tena Jumapili ijayo, na Adelina ndiye atakayekuwa wa kwanza kufika. Nimekaa nikalitafakari kwa utulivu, na kusema kweli si gumu. Kesho alfajiri nakwenda posta kupeleka telegramu, nimwombe Felicitas ambadilishie mtoto jina. Ubatizo bado. Na mtoto mwenyewe hana hata wiki, hajalizoea.