Mama Mazingira na Baiskeli ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa! Yule mama aliyeongoza mamlaka ya mazingira kwa miaka mingi, ambaye wenye viwanda walikuwa wakisikia jina lake wanatafuta pa kukaa, anakuja kufundisha kitivo chetu cha utawala wa umma. Mkuu wa kitivo katutangazia kikaoni. Ataanzisha shahada ya uzamili ya sera za mazingira, na atachagua mratibu. Mratibu anapewa ofisi ya peke yake. Yenye dirisha!

Mimi nafundisha Taratibu za Ofisi za Umma. Wanafunzi wanalikimbia somo hilo, na minong'ono ya kulifuta nimeisikia. Ofisi nachangia na Nukuu, mwenzangu asiyeweza kuomba chumvi bila kutaja mwandishi na mwaka. Leo kikaoni kakohoa kile kikohozi chake cha kutaka kitu. Hakipati. Kuanzia sasa mimi ni mtu wa mazingira.

Jumanne, 4 Machi

Nimehamisha vyungu vyote vya maua vya mke wangu kutoka barazani hadi ofisini. Yeye alikuwa zamu hospitalini, sikutaka kumsumbua kwa kumuuliza. Ofisi imekuwa msitu. Nukuu anapita kiubavu kwenda mezani kwake.

Mama Mazingira akaja kusalimia. Mfupi, mpole, viatu vya kutembelea. Nilisimama katikati ya majani kama mtu aliyeota pale. Akafungua mdomo kunipa hongera, akapiga chafya. Akapiga ya pili. Macho yakavimba. Nukuu akamshika mkono, akamtoa nje na kumletea maji. Kumbe maua yanamdhuru tangu utotoni. Misitu ya nchi nzima kaitetea akiwa na leso puani.

Nyumbani mke wangu aliuliza vyungu viko wapi. Nikamwambia vimekwenda kazini. Akasema basi na mimi nilale huko huko.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango mpya, safi kabisa. Nimeazima baiskeli ya shemeji, kaka yake mke wangu. Kwetu ni mbali na kuna mlima, kwa hiyo nimetumia akili: gari naliacha kituo cha mafuta, baiskeli naitoa kwenye buti, kipande cha mwisho napiga pedali. Kabla ya geti nikajimwagia maji usoni, yakawa jasho.

Mama Mazingira alikuwa anashuka garini. Aliniona! Akaniita kwa wenzake, akasema huyu ndiye mfano wa kuigwa. Nukuu akakosa la kunukuu. Nilijisikia mwepesi mpaka nikapiga kengele ya baiskeli bila sababu yoyote, mara nyingi.

Kisha akasema ana baiskeli yake, na kesho jioni tutaondoka pamoja, anataka kuona njia ninayopita mpaka nyumbani. Nikacheka. Bado nacheka, ila ule mlima wa kwetu haunitoki kichwani.

Ijumaa, 7 Machi

Nilijua la kufanya. Dada yangu anakaa jirani na chuo. Kwake kutakuwa kwangu kwa muda wa kunywa chai moja.

Mama huyo anaendesha kama anafukuzwa. Nilifika kwa dada ulimi nje. Nikasema karibu kwangu. Dada akatoka, akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Leo ndiyo umekumbuka kwangu? Tangu mwaka jana?"

Nilimkonyeza. Akaniuliza jicho lina nini.

Mara gari langu likaingia uani. Ndani yake, mke wangu. Lori la mafuta lilishindwa kuingia kituoni kwa sababu nimeziba njia, wahudumu wakampigia simu, maana namba yake imebandikwa kiooni. Akaja na ufunguo wa akiba, akadhani nimepatwa na jambo, akakimbilia kwa ndugu wa karibu. Alikuwa na machozi. Aliponiona mzima nimeshika baiskeli ya kaka yake, machozi yakakauka palepale, akaeleza kila kitu mbele ya mgeni. Na vyungu akavitaja.

Nilisubiri ardhi ipasuke. Mama Mazingira akakaa kwenye ngazi, akacheka mpaka akatoa ile leso.

"Mwalimu," akasema, "nimetunga kanuni nusu ya maisha yangu. Sikuwahi kumpata mtu wa kunionyesha zinavyokwepwa."

Alhamisi, 13 Machi

Uratibu kapewa Nukuu. Ofisi yenye dirisha pia. Haikuniuma sana, maana sikiliza: somo langu halifutwi! Limeingizwa kwenye shahada mpya, nafundisha pamoja na Mama Mazingira. Leo ameniomba niwasimulie wanafunzi kisa cha baiskeli hatua kwa hatua, naye akawauliza sheria ingeandikwaje ili mtu kama mimi asipate mwanya. Ukumbi ulijaa, wengine walisimama dirishani. Walinipigia makofi. Mke wangu alikuja kusikiliza, akakaa mbele, akanisahihisha mara kadhaa. Vyungu tumevirudisha pamoja. Njiani kanishika mkono na kusema sasa nimepata somo, nikakubali kwa moyo wote.

Ijumaa, 14 Machi

Mkuu wa kitivo katangaza kwamba muhula ujao anakuja mtaalamu mwingine mkubwa, wa maadili ya viongozi. Atahitaji naibu. Nukuu kakohoa.

Nimeshaongea na shemeji. Siku mtaalamu akifika, shemeji ataingia ofisini kwangu mlango ukiwa wazi, anipe bahasha, nami niikatae kwa sauti ya kusikika hadi maktaba. Nimemwambia ajaze magazeti, isije ikaonekana nyembamba.