Kondoo wa Obadia na Jina la Mjukuu Wangu

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nimerudi kwangu Parkdale, huku ughaibuni, kutoka Pickering kwa wakwe, nikiwa na hasira hadi kwenye kucha. Wayne! Baba yake Colin, Colin aliyemwoa binti yangu Nkirote. Ana mti wa ukoo ukutani, mpana kuliko mlango wa choo changu. Karne tatu za majina. Na chini kabisa, chini ya Colin na Nkirote, kijisanduku kitupu cha mtoto atakayezaliwa wiki ijayo. Mvulana. Wayne akakigusa kwa kidole, akanikonyeza.

Sihitaji tafsiri. Kwetu Nyeri mvulana wa kwanza huitwa jina la babu mzaa baba. Wa pili ndiye wangu. Lakini Nkirote ana miaka arobaini na mmoja, na daktari amesema huyu ndiye wa kwanza na wa mwisho. Dada yake mkubwa ni mtawa. Basi mimi Macharia nitazikwa na jina langu kama mtu anavyozikwa na soksi zake, na duniani watabaki akina Wayne wawili.

Nani aliwafundisha wazungu hawa mila hiyo? Mimi. Siku ya mahari nilisimama dakika arobaini nikiieleza, nikamalizia kwamba atakayeipindisha alaaniwe. Watu wakapiga makofi. Mdomo huu ungeshonwa.

Jumatano, 5 Februari

Nimepata dawa. Kwetu watu kabla ya kuoana huchunguzana: kwenu kuna mchawi? Kuna mwizi? Jina la ukoo wa mwizi halipewi mtoto. Kama hiyo si mila, ilipaswa kuwa.

Sasa, kileleni mwa mti wa Wayne kumeandikwa Obadia Thackwell, Meriland, Amerika, 1753. Halafu alama ya kuuliza. Wayne hajui babu huyo alitoka wapi. Mtu asiyejulikana alikotoka, ujue alifukuzwa huko.

Nikaenda maktaba. Pale mbele hukaa Générose, mama wa Kikongo, anayejua kila kitu isipokuwa Kiswahili. Akanieleza kwamba zamani, kabla ya Australia, Waingereza walikuwa wakiwatupa wafungwa wao Amerika, wakatumike kwenye mashamba ya tumbaku. Maelfu! Na kesi zao zimo kwenye kompyuta. Nusura nimbusu.

Niliishia darasa la saba, lakini kusoma wezi hakuhitaji digrii.

Alhamisi, 6 Februari

Saa sita mbele ya kompyuta na miwani ya duka la dola. Mama mmoja kaiba vijiko. Baba mmoja kaiba nywele za bandia za hakimu. Hakuna Thackwell. Colin akapiga simu, akaniuliza kama ningependa tupake rangi chumba cha mtoto pamoja. Nikamwambia niko kazini. Akauliza kazi gani, Mzee, una miaka sabini na minne. Nikakata simu.

Jumamosi, 8 Februari

Nimempata! Obadia Thackwell, 1752, kaiba kondoo dume. Kondoo mwenye kengele shingoni! Alimburuta kijiji kizima, ngo-ngo-ngo, watu wakachungulia madirishani. Akahukumiwa kunyongwa, wakamhurumia, wakamtupa Meriland miaka kumi na minne. Mwizi, tena mwizi mjinga. Nimecheka hadi nikafukuzwa kwenye meza ya kimya.

Générose akaja kuchungulia. Akasema, "Papa, hapa iko Obadia Thackwell mbili. Huyu wa kondoo, na huyu mwingine wa kutengeneza mishumaa, alijilipia nauli. Unajua yupi ni wao?"

Nikamwambia najua. Akauliza ninajuaje. Nikamwambia nimeiona pua ya Wayne.

Nimechapisha ukurasa mmoja. Wa kondoo.

Jumanne, 11 Februari

Amezaliwa. Kilo tatu na nusu. Masikio yangu haya haya, maskini. Nkirote akasema jina litatangazwa Jumatatu, sikukuu ya huku waiitayo Siku ya Familia, nyumbani kwa Wayne. Nikasema jina si la kuharakisha. Akanitazama alivyokuwa akinitazama marehemu mama yake.

Walipotoka kidogo nilimnong'oneza sikioni: Macharia. Akapiga chafya. Ameitika.

Jumatatu, 17 Februari

Theluji magotini. Hasira ina joto lake, nimefika.

Kabla ya keki nilisimama. Kiingereza changu cha darasa la saba kilinitosha. Nilisoma yote: kondoo, kengele, kitanzi, Meriland. Kengele niliiigiza. Kisha nikauelekezea mti kidole: babu wa nyumba hii si Wayne, babu wa nyumba hii ni huyu mwizi, na mkitoa jina mjue mnalitoa kwa nani.

Wayne akaketi. Akaomba karatasi, akaisoma mara mbili. Nikasema moyoni, umekwisha, bwana mkwe.

Akalia. Lakini si kwa aibu! Kwa furaha! Alisema amemtafuta mtu huyu miaka ishirini, na baba yake alikufa akimtafuta, na leo mkwe wake amemleta mlangoni pamoja na kondoo wake. Akanikumbatia hadi miwani ikapinda. Akachukua kifutio, akaifuta alama ya kuuliza.

Colin akamwinua mtoto. Alisema hawezi kuipinda mila, laana yangu aliisikia siku ya mahari. Jina ni la babu wa nyumba, na babu wa nyumba ametajwa leo na Mzee mwenyewe. Basi huyu ni Obadia.

Obadia! Makofi. Wakanipa kipande cha keki kikubwa kuliko cha mtu yeyote. Nilikimaliza kwa hasira.

Jumanne, 18 Februari

Nkirote kapiga simu. Nilianza kujitetea kabla hajasema hujambo. Akaniacha nikamaliza. Kisha akasema polepole:

"Baba, fomu ya jina la mtoto tulikuwa tumeshaijaza. Macharia. Wayne ndiye aliyeomba hivyo, tangu Krismasi. Alisema yeye ana mti mzima ukutani, wewe una huyu mmoja tu."

Nikauliza fomu iko wapi. Colin ameichana, akidhani Obadia ndilo jina ninalolidai, na mpya ataipeleka Ijumaa. Nikauliza mbona hawakuniambia. Akasema walitaka nifurahi mbele ya watu.

Kumbe kile kijisanduku alichonikonyezea kilikuwa changu.

Nimekaa. Chai imepoa, nimeimwaga, nimechemsha nyingine, nayo imepoa.

Halafu nikafikiri: nani alimwomba Wayne huruma? Mtu akupe jina lako mwenyewe kama zawadi, tena kwa siri, kisha akunyang'anye kwa machozi! Hizo ni mbinu. Damu ya mwizi wa kondoo haipotei.

Jumatano, 19 Februari

Maktaba ilipofunguliwa nilikuwa mlangoni. Nimeliona kosa lao. Walimkubali Obadia bila ushahidi! Neno la mzee mmoja na karatasi moja, wakampa mtoto jina! Watu makini wangeuliza kama kuna Obadia mwingine. Na yupo. Nampeleka Pickering mtengeneza mishumaa, aliyejilipia nauli, mtu safi kama maji. Mwizi anaanguka, jina linaanguka naye, Macharia anarudi kabla ya Ijumaa.

Générose akanichapishia ukurasa wa pili. Akaushika kidogo kabla ya kunipa. Akasema, "Lakini Papa, na huyu wa mishumaa jina lake ni Obadia."

Nikamwambia hiyo ndiyo taabu ya watu waliosoma sana, hung'ang'ania vitu vidogo.

Treni ni saa tano. Nimevaa tai.