Mito Ishirini na Miwili ya Solvej

Jumanne, 3 Machi

"Mjamzito wa miezi saba asilazwe chali kwa muda mrefu. Aegemee mito au alale ubavu." Maneno ya Solvej, mkunga mstaafu anayefundisha wajawazito kila Alhamisi, kwenye ubao wa matangazo wa ukumbi wa chama chetu cha mazoezi hapa mjini Svendborg. Upuuzi mtupu! Nimesoma kila kilichoandikwa kuhusu Pilates, mazoezi ya viungo ninayofundisha, katika lugha nne. Mazoezi ya asili ni thelathini na manne. Mto haumo hata katika moja!

Leo darasani kwangu, wajawazito wawili. Januari walikuwa tisa. Nilimlaza Tilde, mwenye miezi saba, chali, kichwa juu, mikono ipige hewa mara mia. Alipofika thelathini akasema anaona nyota. Nikamwambia hiyo ni dalili ya maendeleo. Akageuka ubavu mwenyewe, rangi ikamrudia usoni, akasema, "Mwalimu Gorm, tumbo hili nimelibeba mimi. Hiyo mia kalale nayo wewe." Akaondoka. Mwenzake akamfuata, hata hakuaga.

Mwenyekiti Villads anasema Jumatatu chama kitapiga kura: saa yangu ya Jumanne, niliyoishika miaka kumi na minne, huenda akapewa Solvej. Saa yangu!

Jumatano, 4 Machi

Nimepata! Solvej bila mito ni nani? Si mtu. Stoo ya ukumbi ina mito ishirini na miwili. Nimeihamishia kwangu yote kwa baiskeli ya sanduku, safari tatu, upepo usoni. Mlangoni kuna daftari: anayechukua kitu huandika jina, saa na idadi. Nikaandika. Hujuma ni hujuma, lakini utaratibu wa chama ni utaratibu.

Alhamisi, 5 Machi

Nilijibanza roshani nyuma ya nguzo nishuhudie maangamizi. Solvej akafungua stoo, akaikuta tupu, akacheka. Kisha akawasimamisha wanawake wake kumi na mmoja, viganja ukutani. Akawakalisha wawili wawili, mgongo kwa mgongo. Akawaambia wafanye huku wakipiga soga; atakayeshindwa kuongea kwa kuhema apunguze, atakayesikia kizunguzungu au maumivu aache mara moja. Hayo ni mazoezi au kikao cha kahawa? Hakuna aliyeteseka hata kidogo!

Halafu Tilde, ambaye keshahamia kwao, akalichungulia daftari. "Jamani, njooni muone! Mwizi kaandika mpaka dakika!" Kicheko chao nilikisikia hadi mtaani. Nilikuwa nakimbia.

Ijumaa, 6 Machi

Villads ameamuru mito irudi leo leo. Safari ya tatu, nilipoinama na mito minane, mgongo ukalia ka! Nikaanguka sakafuni mwa stoo. Chali, mkao wa asili kabisa, na sikuweza kuinuka. Robo saa nzima natazama dari. Solvej akaja, Tilde nyuma yake. Solvej akaniagiza nikunje magoti, nigeuke ubavu, nijisukume kwa mikono, taratibu. Nikainuka. Bahati tu. Tilde akauliza, "Unajifungua lini, mwalimu?"

Jumatatu, 9 Machi

Mkutano. Nimehutubia dakika arobaini. Nimewachambua mmoja mmoja, bila huruma. Kura: Solvej thelathini na moja, mimi moja. Hata mke wangu, Bodil! Anadai mkono ulinyooka kabla hajafikiri. Nikamuuliza mbona ulikaa juu mpaka kura zikaisha kuhesabiwa. Nimeachiwa Jumapili, saa moja asubuhi. Ndivyo wanavyoamua watu wasiosoma!

Jumanne, 10 Machi

Naandika nikiwa nimelala ubavu wa kushoto, mto kati ya magoti. Ni kwa sababu ya mgongo, si kwa sababu ya hoja. Hoja yangu haina ufa. Nimefikiri sana wiki hii na sioni nilipokosea, isipokuwa pale kwenye daftari: ningeandika kwa penseli.

Kwa hiyo ninyi wajawazito wa Solvej, wote kumi na mmoja, na wewe Tilde ukiwa mbele: acheni kudekezwa! Njooni Jumapili, saa moja kamili, mlale chali kama watu wazima. Mito ni marufuku. Utaruhusiwa mmoja tu, wa mwalimu.