Atomi Zangu Tatu

Jumatatu, 12 Mei 2025
Mthibiti ubora wa shule anakuja Alhamisi kukaa darasani kwangu, Kidato cha Tatu. Mara iliyopita aliandika kwamba kemia yangu imezeeka. Akirudia, nanyang'anywa kemia, nabaki na michezo. Mpango: atomi ya kukumbukwa. Nimepaka mpira rangi nyekundu. Dalton alisema atomi ni tufe gumu lisilogawanyika. Mwalimu Getruda wa fizikia akaniambia taratibu kwamba wazo hilo liliachwa zaidi ya miaka mia iliyopita. Wivu tu.

Jumanne, 13 Mei
Nimesoma. Haukuwa wivu. Thomson aligundua elektroni, akaiona atomi kama donge la chaji chanya lenye elektroni ndani. Yaani tikitimaji na mbegu zake. Nikavuka kwa kivuko hadi sokoni Kamanga, nikapata kubwa. Nimeliacha ofisini.

Jumatano, 14 Mei
Walimu wamekula atomi. Mkuu wa shule amenibariki kwa tunda. Si neno, kumbe naye Thomson alipitwa. Rutherford alirusha chembe kwenye karatasi ya dhahabu; nyingi zikapenya, chache zikarudi. Kumbe atomi ni uwazi mtupu, na kiini kidogo katikati. Nimekunja waya wa kuanikia nguo, nikavisha shanga za mke wangu. Hajaulizwa.

Alhamisi, 15 Mei
Nikainua atomi ya waya mbele ya darasa. Adoyo, mwanafunzi wangu, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kiini kinaivuta elektroni. Mbona haidondoki?"

Mthibiti akaacha kuandika. Nikasema sijui.

Getruda, aliyekaa nyuma, akaomba ruhusa. Akasema swali hilo lilimsumbua hata Bohr, ndipo akazipangia elektroni njia maalumu. Waliomfuata wakazifuta njia hizo, wakachora wingu la mahali zinapoweza kuwa. Kila modeli ilikuwa na kosa, akasema, na Mwalimu Kashindye, ndiye mimi, ameyapitia karibu yote wiki hii.

Darasa likacheka. Mthibiti pia. Akaandika kwamba somo limeonyesha sayansi inavyojisahihisha. Kemia imebaki kwangu. Nikaenda kumshukuru Getruda. Akasema nimsaidie kusahihisha madaftari, yatosha.

Ijumaa, 16 Mei
Tumesahihisha hadi saa kumi jioni. Mungu ambariki Getruda. Nimeelewa sasa: mtu asome kwanza. Jumatatu naanza jedwali la elementi. Nimemwagiza muuza samaki wa mwaloni sato mia moja na kumi na nane, kila mmoja elementi yake. Wanaletwa leo, watasubiri maabara hadi Jumatatu. Kitabu sijafungua. Jedwali ni jedwali.